Je, Kwenda Kutazama Roma ni Kupoteza Fedha?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili nitoe maoni yangu juu ya jambo lililozua maneno nyumbani kwetu wakati wa likizo, na ambalo wenzangu wa Kidato cha Sita wamelibishania bwenini hata taa zikazimwa. Jambo lenyewe ni hili: je, mtu mwenye akili timamu aweza kutumia fedha zake na siku zake za mapumziko kwenda kuutazama mji wa kale tu, bila kununua wala kuuza kitu?

Dada yangu mkubwa na mumewe wanafanya kazi katika mji wa Viterbo, nchini Italia, karibu kilomita 80 kaskazini ya Roma. Dada ni muuguzi, na shemeji ni fundi mwashi. Mwaka jana walinunua pikipiki kuukuu aina ya Vespa. Neno hili kwa Kiitaliano maana yake ni nyigu, na mtu akiisikia sauti ya chombo hicho na kukiona kiuno chake hataulizia sababu. Vilianza kutengenezwa mwaka 1946 huko Pontedera, katika kiwanda kilichokuwa kikiunda ndege kabla ya kupigwa mabomu vitani. Basi wakampanda nyigu wao, shemeji mbele na dada nyuma, kila mmoja na kofia yake ngumu kama sheria ya huko itakavyo, wakaenda Roma kwa siku mbili. Waliporudi wakatuletea barua ndefu na picha.

Baba alizitazama picha zile moja moja, kisha akaniita. "Mwanangu," akasema, "muhula huu nimeuza mbuzi wawili ili ada yako itimie. Na dada yako anachoma petroli kwenda kutazama mawe?" Sikuwa na la kujibu. Dada hutuma sehemu ya ada yangu kila mwaka, na safari hii fedha zilichelewa. Nakiri ya kuwa nilimwona baba ana haki, na kwa siku tatu nilikuwa na kinyongo na dada. Lakini nilipoisoma barua mara ya pili, na niliporudi shuleni nikafungua vitabu katika maktaba yetu, mawazo yangu yalibadilika. Ndiyo sababu naandika.

Jambo la kwanza ni namna walivyosafiri. Walifuata barabara iitwayo Via Cassia, ambayo Warumi wa kale waliipita kwa miguu na kwa farasi. Kabla ya kufika katikati ya mji liko daraja la kale, Ponte Milvio, ambalo magari na pikipiki hayaruhusiwi kulipita. Wakaegesha chombo, wakatembea. Hapo ndipo Konstantino alipomshinda Maxentius mwezi wa Oktoba mwaka 312, na mwaka uliofuata Wakristo wakapewa ruhusa ya kuabudu bila kuwindwa. Sisi tunaoimba kila asubuhi katika kanisa la shule, ni wangapi kati yetu wajuao kwamba amani hiyo ilipitia darajani? Mimi sikujua. Dada naye hakujua, mpaka alipolazimika kushuka na kuuliza.

La pili ni elimu waliyoipata. Barabara nyingi za katikati ya Roma zimetandikwa vijiwe vyeusi vya mraba, na mvua ikinyesha huteleza kama sabuni. Siku ile ya kwanza ilinyesha. Karibu na jengo liitwalo Pantheon gurudumu la nyuma liliwaponyoka, nusura waanguke wote wawili. Shemeji akasema, "Basi, nyigu na apumzike." Tangu saa ile wakatembea kwa miguu. Nami nasema kuteleza kule kulikuwa bahati yao, maana waliingia ndani ili kujikinga na mvua, wakakuta mvua nayo imeingia! Kuba la jengo lile lina tundu kubwa juu kabisa, wazi kwa mbingu, na sakafu ina vitundu vidogo vya kuyatoa maji.

Shemeji kazi yake ni zege. Kila siku huambiwa kwamba pasipo nondo hapana dari. Na sasa alikuwa amesimama chini ya kuba la zege lisilo na nondo hata moja, lenye upana wa mita 43 na zaidi, ambalo limesimama tangu zamani za Kaisari Hadrianus, yapata miaka 1,900. Alikaa pale muda mrefu hata dada akachoka. Baadaye akajifunza siri yake: chini ukuta ni mnene kupita kimo cha watu watatu, na kadiri zege lilivyopanda juu ndivyo wajenzi walivyolipunguza unene na kulichanganya na mawe mepesi zaidi. Je, mwashi aliyeliona jambo hili kwa macho yake amepoteza petroli? Mimi naona amekwenda shule ya siku moja, na ada yake ilikuwa ndogo kuliko yangu.

La tatu ndilo kubwa. Wako wenzangu wasemao, "Kwenda kuitazama Ulaya ni kuitukuza Ulaya." Hoja hii ina uzito, wala siidharau. Lakini tazameni walichokiona. Waliona Colosseum, uwanja uliofunguliwa mwaka 80, uliokusanya watu yapata 50,000. Wanyama wa Afrika walivushwa bahari ili wauawe pale, na binadamu pia walikufa pale, watu wengine wakishangilia. Waliona barabara pana iitwayo Via dei Fori Imperiali, ambayo Mussolini aliifungua mwaka 1932 ili majeshi yake yapite kwa fahari. Kabla ya hapo palikuwa na mtaa wa watu. Nyumba zao zilibomolewa, na wengi wakahamishiwa pembezoni mwa mji. Picha ni nzuri, lakini ajuaye habari hiyo hawezi kuitazama bila kuwakumbuka waliofukuzwa.

Kutoka Colosseum walitembea kidogo wakafika Piazza di Porta Capena. Mahali hapo ilisimama nguzo ya jiwe ya Aksum, yenye kimo cha mita 24, ambayo Waitaliano waliichukua kutoka Ethiopia mwaka 1937. Mwaka 1947, katika mkataba wa amani, Italia ilikubali kurudisha mali iliyoitwaa. Hata hivyo nguzo ilirudi mwaka 2005 tu, ikiwa imekatwa vipande vitatu, na mwaka 2008 ikasimamishwa tena kwao. Dada aandika: "Tulisimama pale tukatazama mahali ambapo haipo, na shemeji yako akavua kofia." Je, huko ni kuitukuza Ulaya? Hasha. Mtu asiyejua hupita pale kwa pikipiki akaona barabara tu. Mtu ajuaye hushuka, akaona deni lililochelewa miaka 58 kulipwa. Tukikataa kwenda, au tukienda bila kusoma, habari hizi tutasimuliwa na wengine kwa namna waipendayo wao.

Mwisho nataka kusema na baba yangu, ambaye husoma gazeti hili nikilipeleka nyumbani. Baba, mwaka juzi ulitoka Tororo kwa miguu pamoja na mahujaji wenzako ukaenda Namugongo, karibu kilomita 200, ili uwepo siku ya tarehe 3 Juni. Ulirudi miguu imevimba na viatu vimekwisha. Hukununua kitu, wala hukuuza. Hakuna mtu kijijini aliyesema umepoteza siku zako. Najua hija na matembezi si kitu kimoja, wala siwezi kuilinganisha sala na Vespa. Lakini ulituambia ya kuwa kusikia habari za mashahidi ni jambo moja, na kukanyaga ardhi waliyofia ni jambo jingine. Neno hilo ndilo ninalolitetea leo. Tena siku ya pili dada na shemeji waliingia katika kanisa la Mtakatifu Petro, ambamo tarehe 18 Oktoba 1964 Baba Mtakatifu Paulo wa Sita aliwatangaza mashahidi wetu 22 kuwa watakatifu. Walipiga magoti wawili peke yao katikati ya umati wa wageni, wakayataja majina yao yote. Hayo nayo yamo katika barua.

Dada naye nina neno naye. Fedha za ada zingetangulia, petroli ikafuata. Roma imesubiri miaka mingi, isingeshindwa kusubiri mwezi mmoja zaidi. Baba asingeuza mbuzi, na barua ingepokewa kwa furaha tangu siku ya kwanza. Nimemwandikia hivyo, naye amejibu kwamba nimesema kweli.

Basi, Bwana Mhariri, maoni yangu ni haya. Kwenda kuutazama mji wa kale si kupoteza fedha, ikiwa msafiri ametimiza kwanza wajibu wake kwa watu wake, amesoma kabla ya kuondoka, ameshuka chomboni akatembea, na akirudi anawasimulia waliobaki. Pikipiki itakufikisha mjini, lakini mji hutauona mpaka ushuke. Akikosa hayo manne, basi baba ana haki: ametazama mawe.

Sisi tutakaomaliza shule mwaka huu hatujui nani ataiona Roma na nani hataiona. Lakini kila mmoja wetu hupanda bodaboda kila likizo, akapita mbele ya nyumba za kale na makaburi ya wazee asiyoyajua majina yake. Tuanze kwa kushuka hapo.

Baba hajasema kwamba nimemshinda kwa hoja. Ila nilipokuwa nikifunga sanduku langu kurudi shuleni, niliona picha moja haimo tena katika bahasha, ile ya kanisani. Nikaikuta katikati ya kitabu chake cha sala. Sikumwuliza kitu.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa Kidato cha Sita