Upepeo Uliochakaa Ndio Uliofanya Kazi

Kuna sentensi inanikera kila nikiisikia kwenye mazungumzo ya sanaa: "Hiyo ni kitu ya kutumika tu, si sanaa yenyewe." Ati kitu kikishikwa na mkono wenye jasho, kimeshuka hadhi. Leo nitawajibu wanaosema hivyo kwa karatasi za watu wa mbali, watu wa Edo, mji ambao sasa tunauita Tokyo.

Karne ya 19, joto likianza, watu wa Edo walinunua pepeo mpya. Upepeo wao, uchiwa, ni mwanzi uliopasuliwa vijiti vikatandazwa, kisha karatasi yenye picha ikabandikwa juu kwa gundi. Picha ilipigwa chapa kwa mbao. Mchoraji alichora, mchongaji akachonga, mpiga chapa akapaka rangi ubaoni na kusugua karatasi juu yake, mchapishaji akagharamia na kuuza. Kulikuwa na picha za warembo, za waigizaji, za mandhari. Na kulikuwa na za mashujaa wa vita, mapanga mkononi, macho yamewatoka.

Bingwa wa mashujaa hao alikuwa Utagawa Kuniyoshi, mtoto wa fundi wa kutia hariri rangi. Jina lake lilivuma kuanzia 1827, alipoanza kuchora mashujaa 108 wa Suikoden, hadithi iliyotoka China. Na ni mashujaa gani hao? Si majenerali wa mfalme, bana. Ni waasi waliojificha penye vinamasi huku maafisa wala rushwa wakiitafuna nchi. Kuniyoshi aliwachora baadhi yao wamejaa tatuu, na wanaume wa Edo, wazima moto wakiwemo, wakazitaka tatuu kama hizo kwenye migongo yao. Mchoraji huyo huyo alichora pia picha nyingi za pepeo.

Sasa fikiria maana yake. Katika mji huo, kuvaa mapanga mawili kiunoni ilikuwa haki ya samurai. Muuza samaki hakuwa nayo. Lakini angeweza kununua shujaa wa karatasi, atembee naye barabarani, ajipepee naye mbele ya wakubwa. Nani atamwambia nini? Ni upepeo tu!

Wale wanaosema "ni upepeo tu" wangeuliza serikali ya wakati huo kama picha za karatasi zilikuwa mchezo. Mwaka 1804 mchoraji Utamaro alifungwa mikono kwa pingu kwa sababu ya picha za Hideyoshi, mtawala aliyekuwa amekufa zaidi ya miaka 200. Mwaka 1842 zikapigwa marufuku picha za waigizaji na makahaba. Mwaka 1843 Kuniyoshi akatoa picha ya karatasi tatu: shujaa wa kale Yorimitsu amelala mgonjwa, mazimwi yamejaa nyuma yake. Watu wakaitazama, wakacheka, wakasema aliyelala ni shogun mwenyewe. Ikaondolewa sokoni. Hiyo haikuwa picha ya upepeo, lakini ilitoka kwenye mkono ule ule na mbao za aina ile ile. Serikali haisumbuki na mapambo. Inasumbuka na kitu ambacho watu wa kawaida wanakielewa bila kuelezwa.

Mtaniambia: bila makumbusho tusingeziona hizi picha leo. Kweli, sikatai. Lakini hebu tuangalie ni zipi zimebaki. Pepeo zilizotumika zilichanika, zikalowa, zikatupwa msimu ukiisha. Nyingi kati ya zilizosalia ni karatasi ambazo hazikuwahi kubandikwa kwenye mwanzi. Hazikuwahi kumpepea mtu. Yaani tunachokiabudu ndani ya kioo ni ile iliyokosa kazi, na iliyofanya kazi yake vizuri hatutaiona kamwe. Halafu tunageuka kumfundisha msanii kijana kwamba kudumu ndicho kipimo!

Na kibao kilicho chini ya picha huandika jina la mchoraji. Mchongaji aliyechonga unywele mmoja mmoja wa shujaa, kwa kawaida hatajwi. Mpiga chapa vilevile. Ukiwaondoa hao wawili, Kuniyoshi anabaki na mchoro wa wino ambao muuza samaki hangeuona maishani.

Kwa hivyo nadai mambo mawili. Anayeonyesha picha hizi, aseme wazi kwamba zilikuwa pepeo, na kwamba zilipita mikononi mwa mafundi wengi. Na wewe unayechora kwenye fulana, kwenye kanga au ubavuni mwa matatu, usiombe msamaha kwa mtu yeyote. Kazi yako ikichakaa kwa kutumika, haijashindwa. Imefika kwa mwenyewe.