Kabla Hujatuma Pesa ya Nyumba ya Siku Mbili

Mweka hazina wa chama kimoja cha akina mama kule Runyenjes alituandikia. Walikuwa saba. Mtoto wa mwenzao alikuwa anaoa Meru, na badala ya kulala loji za karibu na stendi kama kawaida, mara hii waliamua wakae kama watu: nyumba moja, sebule, jikoni, wapike chai yao usiku na wapige stori mpaka usingizi uje. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amewahi kukodi bnb. Mmoja akaona tangazo Facebook, nyumba ya vyumba vitatu karibu na Makutano, shilingi 7,000 kwa usiku. Siku mbili, 14,000. Kila mtu akatoa 2,000, mweka hazina akashika simu.

Mwenye nyumba alikuwa mwanamke, au ndivyo alivyosema. Aliandika kwa adabu, kila mtu akimwita "mum". Alitaka pesa yote siku hiyo hiyo kwa sababu kulikuwa na wageni wa kutoka Nairobi wanaoingojea nyumba hiyo hiyo. Jina lililotokea kwenye simu kabla ya pesa kutoka lilikuwa la mwanamume. Mweka hazina akasita, akauliza. Akajibiwa: "Tuma tu mum, hiyo ni namba ya kijana wangu wa kazi, laini yangu iko na shida." Akatuma.

Ijumaa saa moja jioni wakashuka Makutano na mizigo yao. Wakapiga simu, mteja hapatikani. Wakapiga tena, hapatikani. Saa tatu wakaingia loji, vyumba vinne, wakalala wawili wawili na mmoja peke yake. Harusi walienda, wakacheza, wakarudi nyumbani. Kwa mkutano uliofuata mweka hazina aliwarudishia wenzake sita zile 12,000 kutoka kwa pesa yake ya majani chai. Hakuna aliyemlazimisha. Lakini alituambia bado kuna wawili wanaomwangalia kwa jicho la pembeni, na hilo ndilo linalomuuma kuliko pesa. Swali lake kwetu lilikuwa moja: nilipiga ripoti, mbona pesa haikurudi?

Tutamjibu hapa, kwa sababu tunajua si yeye peke yake anayeuliza.

Wateja wengi wanaamini kwamba kurudisha muamala ni kama bima. Ukiona mambo yameharibika, unatuma ule ujumbe kwa 456 kama unatumia M-Pesa, na pesa inarudi. Sivyo. Huduma hiyo ilitengenezwa kwa mtu aliyekosea namba, aliyebonyeza 7 badala ya 1. Pesa ikiwa bado iko kwenye akaunti ya aliyepokea, inaweza kuzuiwa. Ikishatolewa kwa ajenti, hakuna cha kuzuia. Na mwizi wa nyumba hewa hangoji. Pesa ikiingia anaitoa au anaituma kwingine kabla wewe hujamaliza kumwandikia "nimetuma, confirm". Mweka hazina wetu alipiga ripoti Ijumaa usiku kwa pesa aliyotuma Jumanne. Siku tatu ni maisha marefu sana kwa pesa iliyo mikononi mwa mwizi.

Kwa hivyo maoni yetu ni haya, na tunayasema tukijua kwamba sisi hula kutokana na watu kutuma pesa: kwa nyumba ambayo hujaiona, ya mtu ambaye humjui, usitume pesa yote. Hata akikupunguzia bei. Hata kama kuna wageni wa Nairobi. Hasa kama kuna wageni wa Nairobi.

Turudi kwa lile jina. Tangu Kenya ianze kutuma pesa kwa simu mwaka wa 2007, kitu kidogo ambacho kimeokoa watu wengi ni lile jina linalotokea kabla hujamaliza kutuma. Watu hulisoma harakaharaka kama vile ni tangazo. Ni shahidi wako wa kwanza, na mara nyingi ndiye wa pekee. Laini ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mtu, na jina la mtu huyo ndilo unaloliona. Likitofautiana na la yule unayeongea naye, usiulize "kwa nini" peke yake, kwa sababu jibu lipo tayari: kijana wa kazi, bwanangu, dada yangu anayeshika mambo ya pesa. Mengine ni kweli. Lakini mwenye nyumba wa kweli hawezi kukosa njia ya kukupa namba yenye jina analojulikana nalo. Mwambie hivi: "Sawa, nitangoja laini yako itengenezwe." Halafu nyamaza. Ukiona amekasirika, umeshapata jibu.

Je, Till ni salama zaidi? Kidogo, ndiyo. Inaonyesha jina la biashara, na mtu aliyejisumbua kufungua Till ana kitu cha kupoteza. Lakini Till siyo kiapo. Inakuambia pesa inaenda kwa nani, haikuambii kama kuna nyumba. Tumeona watu wakisema "nililipa kwa Till, si namba ya mtu" kana kwamba hiyo pekee inajenga vyumba vitatu na sebule.

Nyumba yenyewe inathibitishwa na macho. Na hapa watu wa Embu na Meru wana bahati ambayo hawaitumii. Nani kati yetu hana shangazi aliyeolewa Nkubu, au binamu anayesoma Nchiru, au rafiki wa shule anayefanya kazi Level 5 ya Embu? Mpigie, aende aangalie geti. Kama kweli huna mtu, kuna mwendesha boda. Wa steji ya Makutano anajua kila fleti mpaka Kaaga, na wa Embu mjini anajua Majimbo na Blue Valley kuliko mwenye ramani. Mtumie shilingi 200 aende apige picha ya jengo na aulize mlinzi kama kuna bnb hapo. Hiyo 200 ndiyo tungetaka mweka hazina wetu angetumia. Tena kwa namba ya mtu ambaye steji nzima inamjua.

Kama hilo haliwezekani, omba simu ya video. Usikubali picha tu, picha ni za bure kwenye intaneti. Mteja mmoja alituonyesha picha za nyumba aliyoambiwa iko Nkubu, na nje ya dirisha kulikuwa na mnazi. Mnazi, Nkubu! Huko kuna ndizi, chai, kahawa na ukungu, lakini mnazi unaoning'iniza nazi dirishani ni wa Pwani. Alikuwa ameshatuma 3,000. Kwa simu ya video mwambie atembee kutoka geti mpaka ndani, afungue bomba la jikoni na lile la bafu, awashe taa. Unaona mambo mawili kwa mpigo: kwamba nyumba ipo, na kwamba ina maji. Uliza pia tokeni za stima ni za nani. Watu wamefika, wamewasha hita ya kuoga mara mbili, stima ikaisha saa nne usiku, na hapo ndipo ugomvi huanza. Na kama unaenda Meru mwezi wa saba, maji ya moto siyo anasa.

Sasa tuwatetee wenye nyumba kidogo, kwa sababu nao wana vidonda vyao. Kukiwa na sherehe kubwa, kama Madaraka Dei ilipofanyika Kinoru mwaka wa 2018 au Embu mwaka wa 2023, au wakati wa mahafali ya Chuo Kikuu cha Embu, vyumba huwa vya kutafutwa kwa tochi. Mtu anakupigia, unamshikia nyumba, unakataa wengine watatu, halafu siku yenyewe hashiki simu. Umenunua sabuni, umelipa wa kufua mashuka, na usiku umeenda bure. Mwenye nyumba akiomba deposit hajakutukana. Anajilinda kama wewe.

Tunaloona ni haki ni deposit isiyozidi usiku mmoja, na kwa safari fupi hata nusu ya usiku inatosha. Iliyobaki ilipwe mlangoni, baada ya kuingia, kufungua bomba na kuona kitanda. Kulipa mlangoni kwa simu kunachukua sekunde chache, kwa hivyo ile hoja ya kwamba pesa yote ije mapema "kwa sababu ya mipango" haina uzito siku hizi. Mwenye nyumba anayekataa deposit na kutaka yote mapema, sisi tungemwacha, hata kama nyumba ni nzuri. Tunajua kuna wenye nyumba waaminifu watakaosoma hapa na kusema tunawanyima biashara. Tungependa nao wafikirie hivi: kila mgeni aliyelala loji Makutano kwa sababu ya mwizi ni mgeni ambaye hatakodi tena nyumba yako iliyo halali.

Mkikubaliana, andikianeni. Si lazima iwe barua. Ujumbe mmoja wa WhatsApp unatosha: tarehe ya kuingia na ya kutoka, watu wangapi, bei, deposit ni ngapi, na nisipokuja inarudi au hairudi. Ajibu "sawa". Ukishatuma, usifute ule ujumbe wa muamala. Ile kodi ya herufi na namba iliyo mwanzoni ndiyo risiti yako, na ukifika kituo cha polisi kuandikisha na kupewa namba ya OB, ndiyo watakayoiuliza kwanza. Watu wengi hufika kwetu wameshafuta kila kitu kwa hasira.

Kuna wanaouliza kama wapitie Airbnb yenyewe, maana huku kwetu kila nyumba ya siku mbili imekuwa "Airbnb" hata kama haijawahi kuingia kwenye hiyo programu. Kwa mtu wa mara ya kwanza, tunasema ndiyo, ipitie, hata kama ada inakuuma. Pale mwenye nyumba halipwi papo hapo. Kampuni humtumia pesa yake karibu saa 24 baada ya muda wako wa kuingia. Ukifika na usione nyumba, kuna mtu wa kulalamikia na pesa bado haijaenda. Ulinzi huo unapotea dakika ile mwenye nyumba anapokuambia "tutoke kwa app, nikupunguzie elfu moja, nitumie direct". Hiyo elfu moja ni bei ya usalama wako, na anakuomba umuuzie.

Tusiongee pesa tu. Mwanzoni mwa 2024 wanawake wawili waliuawa Nairobi katika nyumba za kukodi za muda mfupi, na nchi nzima ikaanza kuuliza nani anaingia, nani anatoka, na nani ameandikwa. Mamlaka ya Kudhibiti Utalii ikasisitiza kwamba nyumba hizi ni lazima zisajiliwe. Kwa hivyo mwenye nyumba akikuomba kitambulisho geti usikasirike. Kasirika asipokuomba. Na wewe pia muulize kama amesajiliwa, muulize kuhusu mlinzi, na umtumie mtu wa nyumbani mahali ulipo pamoja na namba ya mwenye nyumba kabla hujalala.

Jambo dogo kwa wanaoelekea Mbuga ya Meru, kule alikozikwa Elsa, yule simba wa Joy Adamson. Mwenye nyumba akikuambia umtumie na kiingilio cha mbuga "akushughulikie", kataa kwa upole. Kiingilio cha mbuga za KWS hulipwa kupitia eCitizen, kwa jina lako, na unaweza kukilipa mwenyewe ukiwa umekaa kwenye matatu.

Mweka hazina wetu aliandika tena mwezi wa kumi na mbili. Chama kilikuwa kinataka kupeleka watoto mahali kabla ya Krismasi, na wenzake, hata wale wawili, walimwachia tena simu. Safari hii ilikuwa nyumba ya Embu mjini. Alituma deposit ya 2,500 kwa namba yenye jina lile lile la mama aliyeongea naye. Kabla ya hapo alikuwa amemtumia mwendesha boda 200. Alitufowadia picha aliyoletewa: geti la kijani, mlinzi amesimama na mikono nyuma kama anayepigwa picha ya shule, na mbwa mmoja amelala katikati ya njia.