Alabama Walipiga Baa Miaka Saba kwa Pesa za Kutuzwa. Lakini Mpiga Ngoma Wao Alikuwa Memba Ama Mfanyakazi?

Kama buda yako ni wa ile generesheni ya Jim Reeves, Don Williams na Kenny Rogers kila Jumapili asubuhi, basi Alabama unawajua hata kama hujui unawajua. Ni ile bendi ya sauti tatu zinaingiana, gitaa za roki na fidla ya ushago ndani ya wimbo mmoja. Usiku wa country hapa Nai, DJ akiwaweka, wazee wa meza ya kona wanaimba neno kwa neno.

Wengi huanza stori yao 1980, pesa zilipoingia. Wewe ianzie kwa baa.

Randy Owen, kiongozi na sauti kuu, ni kijana wa shamba kutoka Fort Payne, jimbo la Alabama kule Marekani. Alikuwa na mabinamu wawili: Teddy Gentry wa besi, na Jeff Cook wa gitaa, kibodi na fidla. Mwanzo wa miaka ya sabini wote watatu walibanana kwa keja moja mji wa Anniston, rent dola 56 kwa mwezi. Gentry alikuwa anatandika mazulia, Cook alikuwa na kazi ya serikali, Owen alikuwa chuo. Mchana kila mtu na hasola zake, usiku mazoezi.

Halafu 1973 wakafanya kitu ambacho mzazi Mkenya angekuitia kikao cha familia. Waliamua muziki ndio kazi, wakahamia Myrtle Beach, mji wa pwani kule South Carolina, wakawa bendi ya baa inaitwa The Bowery. Usiku sita kwa wiki, wakitegemea pesa za kutuzwa. Unajua zile noti msee akishalewa anabandika kwa paji la uso la mwimbaji? Sijui kama kule walibandikwa usoni, lakini hesabu ni ile ile: wasee wasipofurahi, hamkuli. Walirudi hapo kila msimu wa watalii hadi 1979.

Na baa hukufunza vitu studio haiwezi. Mlevi wa meza ya kwanza akitaka roki, unapiga roki. Mama wa meza ya nyuma akitaka wimbo wa mapenzi wa zamani, unapiga huo pia, juu ndiye ameshika noti. Ndio maana sauti yao haikuwa country tupu wala roki tupu. Shida ni kwamba Nashville siku hizo ilipenda mwimbaji mmoja mbele na wapigaji wa kukodi studioni. Bendi nzima inayojipigia vyombo ilionekana kama mzigo.

1977, ule mwaka walijiita Alabama, lebo ya GRT iliwapa mkataba wa wimbo mmoja. Wimbo haukuenda mbali. Mwaka uliofuata lebo ikafilisika, lakini kipengele kwa mkataba kikawazuia kurekodi na lebo nyingine. Imagine, kampuni imekufa na bado imekushika shati! Ilibidi watafute ganji yao wenyewe wajikomboe. (Soma ile mistari midogo kabla usaini, buda.)

1980 RCA wakawachukua, "Tennessee River" ikapanda nambari moja, na kuanzia hapo ikawa fujo: ukiacha wimbo mmoja wa Krismasi, walitoa nyimbo 21 mfululizo zilizofika nambari moja kwa chati ya country. Tuzo ya CMA ya mtumbuizaji wa mwaka waliibeba 1982, 1983 na 1984. Wale watoto wa pesa za kutuzwa.

Sasa hapa ndio pananisumbua. Mpiga ngoma Mark Herndon aliingia 1979, siku za baa zikiisha. Kwa picha za albamu wako wanne. Kwa mabango, wanne. Shabiki akiulizwa, anahesabu wanne. Lakini kwa karatasi ushirika ulikuwa wa mabinamu watatu, Herndon akilipwa kama mfanyakazi. Owen mwenyewe alikuja kusema hadharani kwamba Herndon hakuwahi kuwa memba rasmi. Na 2008 wenzake wakamshtaki, wakidai alilipwa dola 202,670 zaidi ya haki yake kwenye ziara yao ya kuaga.

Naelewa hesabu ya Owen. Hao watatu walikula miaka ya njaa, jamaa akaja chakula kikinukia. Hiyo ni sawa kabisa kusema, lakini iseme siku ya kwanza. Ukiuza uso wa mtu kwa zaidi ya miaka 20 kama ndugu yenu, halafu baadaye uambie dunia alikuwa kibarua, hapo umekosea hata kama vitabu vyako viko safi.

Na usicheke sana. Ingia joint yoyote ya live bendi hapa mtaani Ijumaa usiku, uliza mpiga besi jina la bendi limesajiliwa kwa nani. Wengi watakuambia "sisi ni familia". Sawa, hata Alabama walikuwa familia, tena ya damu, na hao wa damu waliandikiana. Aliyebaki nje ni yule aliyedhani picha inatosha. Kama unapigia mtu bendi sahi, hiyo swali muulize wiki hii, kabla wimbo uwike, juu ukishawika kila mtu ana wakili.

Cook alitangaza 2017 kwamba anaugua Parkinson, akafariki Novemba 2022. Owen na Gentry wakaendelea na shoo. Bendi iliporudiana 2011 baada ya vimbunga vilivyoharibu jimbo lao, Herndon hakuwepo. Lakini kwa Hall of Fame ya country kule Nashville, walikoingizwa 2005, majina ni manne.