Ukiona vyaelea, vimeundwa: usimfutie kijana Windows yake



Kuna ushauri mmoja ninaousikia kila kijana anapouliza aanzie wapi kujifunza kuandika programu: "Futa Windows, weka Linux, halafu rudi tuongee." Leo nataka kuupinga. Siupingi kwa kuichukia Linux, hasha! Seva ninazozitunza kazini ni za Linux na ndiko riziki yangu inakotoka. Naupinga kwa sababu wanaoutoa hawaulizi swali la kwanza kabisa: hiyo kompyuta ni ya nani?

Hapa kisiwani Mombasa, nyumba nyingi za Mji wa Kale ninazozijua zina kompyuta moja tu, tena ya mtumba. Asubuhi mama anaandika hesabu za oda zake za mahamri na keki kwenye Excel. Mchana mdogo wa mwisho anafanya kazi ya shule. Usiku kaka mkubwa anaandika barua za kuombea kazi. Humo humo mna picha za harusi ya dada ambazo hazipo kwingine kokote. Sasa wewe unamwambia kijana wa miaka 17 aifute mashine hiyo kwa ajili ya somo ambalo hajui hata kama atalipenda? Akikosea wakati wa kugawa diski, hasara si yake peke yake, ni ya nyumba nzima. Hataruhusiwa kuigusa tena, na somo limekufa siku ya kwanza.

Msimamo wangu ni huu: mwacheni na Windows yake, mwekeeni mazingira ya Unix ndani yake, na zoezi la kwanza liwe kuijenga lugha moja ya programu kutoka kwenye msimbo chanzo. Nasema kuijenga, si kupakua faili la .exe lililoiva na kubofya mpaka mwisho. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Python unayoibofya nayo iliundwa, na anayejua ilivyoundwa hababaiki inapokwama.

Tuna njia zipi?

Njia ya zamani zaidi kati ya zinazotumika sana ni Cygwin, iliyoanzishwa mwaka 1995 na Steve Chamberlain, mhandisi wa kampuni ya Cygnus. Moyo wake ni faili moja, cygwin1.dll, ambalo kazi yake ni ukalimani. Programu inauliza jambo kwa lugha ya Unix, faili hilo linalitafsiri kwa Windows na kurudisha jibu. Programu inaamini iko Unix.

Ya pili ni MSYS2, iliyotokea mwaka 2013. Hii inakupa amri za Unix za kufanyia kazi, lakini kompaila zake, kwa mfano zile za mazingira yanayoitwa UCRT64, zinatoa programu za Windows halisi zisizohitaji mkalimani.

Ya tatu ni WSL ya Microsoft wenyewe, iliyoanza mwaka 2016. Toleo lake la pili, lililowafikia watu wengi mwaka 2020, linaendesha keneli halisi ya Linux ndani ya kompyuta ya kubuni. Mwenye RAM ya gigabaiti 8 au zaidi, sina ubishi naye, aitumie. Lakini kwenye ile mashine ya mtumba yenye gigabaiti 4, ambayo kivinjari peke yake kinaitoa jasho, kuongeza mfumo mzima juu ya mfumo ni kumtwika punda gunia la pili. Kwa mashine hizo mimi nashauri Cygwin au MSYS2.

Zoezi lenyewe

Naanza na Lua. Ilizaliwa mwaka 1993 katika chuo kikuu cha PUC-Rio, Brazili, na jina lake maana yake ni mwezi kwa Kireno. Mombasa Kireno tunakijua kidogo: ndicho kilichotuachia "meza" na "leso", na walioanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593 walikuwa Wareno. Lakini sababu yangu ya kuichagua ni ukubwa wake. Msimbo chanzo wote wa Lua 5.4, ukiwa umefungwa, haufiki kilobaiti 400. Ni mdogo kuliko picha moja ya simu.

Sakinisha Cygwin, na wakati wa kuchagua vifurushi usisahau gcc-core na make. Kisha:

tar xzf lua-5.4.8.tar.gz
cd lua-5.4.8
make

Itakwama! Na hapa ndipo ninapotaka ikwame. Faili la Makefile linatumia amri ya uname kuuliza "niko mfumo gani?" Jibu linalorudi ni CYGWIN_NT na nambari zake. Makefile inatazama orodha yake: Linux imo, Darwin imo, SunOS imo, FreeBSD imo. Cygwin haimo. Basi inasema haina kanuni ya kujenga kitu cha jina hilo, na inasimama.

Kijana asiyeelekezwa hudhani ameharibu kompyuta, au yeye mwenyewe hana akili ya kazi hii. Wala! Hakuna kilichoharibika. Programu imeuliza swali, ikapata jibu isilolijua, ikasema ukweli. Mwambie mwenyewe la kufanya:

make generic
make test

Neno generic lina maana ya "tumia C ya kawaida, usitegemee mfumo wowote". Toleo hilo halitapakia maktaba za nje zilizoandikwa kwa C, lakini kwa kujifunzia linatosha sana. Baada ya muda mfupi unaona namba ya toleo kwenye skrini, na hiyo Lua ni yako, umeiunda kwa mkono wako.

Sasa andika ldd src/lua.exe utazame. Katika orodha utamwona cygwin1.dll, yule mkalimani. Ukimpelekea rafiki lua.exe hiyo kwenye kompyuta isiyo na Cygwin, itagoma ikilalamika kuwa faili hilo halipo. Rudia zoezi ndani ya dirisha la UCRT64 la MSYS2, safari hii kwa make mingw, na utapata lua.exe na lua54.dll zinazokwenda popote pamoja bila mkalimani. Msimbo ni ule ule na mashine ni ile ile, lakini matokeo ni mawili tofauti. Kijana akielewa kwa nini, ameelewa jambo ambalo nimeona wahitimu wa chuo hawalijui.

Mitego ya huku kwetu

Nafasi katika majina. Mtumiaji wa Windows akiitwa "Duka Letu", njia ya folda yake ina nafasi katikati, na make huona nafasi kama mwisho wa jina. Tengeneza folda fupi, C:\kazi. Ndani ya Cygwin utaiona kama /cygdrive/c/kazi, ndani ya MSYS2 ni /c/kazi.

Miisho ya mistari. Windows humaliza mstari kwa alama mbili, Unix kwa moja. Skripti iliyopita mikononi mwa Windows inaweza kukupigia kelele ya $'\r': command not found. Dawa ni dos2unix, amri moja tu.

Kompaila ya mtu mwingine. Mashine nyingi za mtumba zina Dev-C++ au Code::Blocks ya mwanafunzi aliyetangulia, na kila moja imekuja na gcc yake. Ukisahau kuweka gcc-core, Cygwin inaweza kuikuta ile ya zamani kupitia PATH ya Windows na kukupa makosa yasiyoeleweka. Kabla ya kulaumu mtu, andika which -a gcc.

Antivairasi. Lugha kubwa huwa na skripti ya configure, ambayo hutunga vijiprogramu vingi vidogo vinavyoitwa conftest, huvijaribu, kisha huvifuta. Antivairasi inaweza kusimama kukagua kila kimoja, na kazi ya dakika ikawa ya saa. Usiizime kabisa, maana kompyuta hiyo inapokea flashi za saiba kila siku. Iambie iiache folda moja tu ya C:\kazi. Na configure ikikwama, fungua config.log, ndimo sababu ya kweli ilimoandikwa.

Umeme. Ukikatika katikati ya kazi, usianze upya. Make hurudia tu yale ambayo hayajakamilika. Futa faili la mwisho la .o, kwa kuwa huenda liliandikwa nusu, kisha iite make tena.

Baada ya Lua nenda Perl, ambayo ndani ya msimbo wake mna faili la README.cygwin la kukushika mkono. Python iache ya mwisho. Njia rasmi ya kuijenga kwa Windows imo katika folda ya PCbuild na inataka kompaila ya Microsoft. Ile ./configure yake imetengenezewa Unix, na MSYS2 hulazimika kuweka viraka vyao wenyewe ili ipite. Ukikwama hapo, ujue hujakwama kwa uzembe.

Suala la bando

Mwaka 2009 kebo za TEAMS na SEACOM zilitua Mombasa, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Intaneti ya nchi nzima inapita mlangoni petu. Lakini kijana wa Kibokoni bado ananunua bando la siku, na kompaila si nyepesi kama Lua. Akishusha kwa bando lake, akiishiwa katikati, amekata tamaa na pesa imekwenda.

Ndiyo maana naipenda Cygwin kwa jambo moja ambalo watu hawalisemi. Kisakinishi chake kinakuruhusu kupakua vifurushi bila kusakinisha, kisha mtu mwingine akasakinisha kutoka kwenye folda hiyo bila intaneti hata kidogo. Mmoja apakue mahali penye Wi-Fi, aweke kwenye flashi, na baraza zima litumie. Flashi moja, vijana kumi. MSYS2 nayo huhifadhi vifurushi vilivyopakuliwa katika /var/cache/pacman/pkg, na unaweza kuvihamisha vivyo hivyo.

Najua mtanijibu

Mtasema Windows 10 ilikoma kupata huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazikubaliki na Windows 11, kwa hiyo Linux ndiyo mwokozi. Hoja hiyo ina uzito na siikwepi. Familia ikikubali kuhama, na picha zikahifadhiwa kwanza, wahame leo. Lakini uamuzi huo ni wa nyumba nzima, si wa kijana peke yake, na wala si wangu mimi nisiyekaa humo. Siku wakihama, kijana aliyezoea make, PATH na config.log ataingia Linux kama mwenyeji.

Wengine watasema kujenga ni kupoteza muda wakati .exe ipo. Kwa kazi ya kila siku, kweli, tumia .exe, hata mimi naitumia. Kujenga ni kwa mara moja mbili za mwanzo, ili ile sanduku nyeusi ipate mlango. Tatizo la vijana wetu si uvivu. Wengi wamekutana na kosa la kwanza wakiwa peke yao usiku, likawaambia kwa Kiingereza kigumu kwamba hakuna kanuni ya kujenga kitu fulani, wakafunga mashine wasirudi tena.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa sisi tunaofundisha, iwe Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, iwe Swahilipot, iwe sebuleni kwa mjomba. Akija kijana na laptop ya nyumbani kwao, tusimwambie "format". Tumpe flashi, tukae naye saa moja, tuiache make igome mbele yetu sote wawili, kisha tumwonyeshe namna ya kusoma ilichosema. Jioni airudishe mashine kwa mamake, hesabu za mahamri zikiwa pale pale.