Kanivali ya Kukaa Vitini Tumeichoka

Kila Kwaresima ikikaribia, wenzetu hapa Ulaya huanza kuchangishana nauli za Tenerife. Wakirudi, wanatutolea picha za malkia wa manyoya aliyevaa vazi zito mpaka likawekewa magurudumu (kazi ya uhandisi ile, hatukatai), kisha wanatangaza kwamba wameiona kanivali ya jadi ya Hispania. Tunawapinga. Santa Cruz ina shangwe kubwa, lakini vikundi vyake vya ngoma vimeazima mengi kutoka Rio de Janeiro, na mgeni pale kazi yake ni kukodoa macho.

Sisi sisi ndio tunaonung'unika kwamba Mwaka Kogwa wa Makunduchi umevamiwa na kamera za watalii. Mbona tukifika kwa watu tunageuka kuwa watalii walewale?

Tukumbuke jadi hii ilivyoponea chupuchupu. Franco aliipiga marufuku kanivali mwaka 1937, katikati ya vita, maana mtu mwenye kinyago husema asiyoyasema uso ukiwa wazi. Tenerife ilirudi nayo mwaka 1961 kwa jina la kuzuga, Sikukuu za Majira ya Baridi. Viko vijiji vilivyoendelea nayo kimyakimya.

Anayeitafuta kweli na aende Cádiz, kusini. Aachane na tiketi za mashindano ya Teatro Falla, azunguke vichochoroni, ambako vikundi visivyoshindana huimba bure. Chirigota zao huwavua nguo mawaziri, maaskofu na hata wasikilizaji. Mswahili aliyelelewa na mipasho atajiona yuko nyumbani, mradi awe amejifunza Kihispania kidogo. Bila lugha, Cádiz ni kelele tu.

Asiye na lugha aende Navarra, katika vijiji jirani vya Ituren na Zubieta. Huko hawangoji Kwaresima: ni Jumatatu na Jumanne zinazofuata Jumapili ya mwisho ya Januari. Wanaume waliovaa ngozi za kondoo na kofia ndefu za mchongoko hufungwa kiunoni kengele kubwa mbili za shaba. Kamba hukazwa kwelikweli, la sivyo kengele hazitalia pamoja na hatua. Kijiji kimoja hukitembelea kingine, na kesho yake kikatembelewa. Wageni hutembea nao barabarani, hawauziwi viti.

Na mwenye moyo aende Laza, Galicia. Kanivali huko hufuata kalenda ya Kanisa. Jumanne yake huwa siku 47 kabla ya Pasaka, basi tusikate tiketi kwa kukisia. Jumatatu asubuhi watu hutupiana matambara yaliyochovywa matopeni, na jioni udongo wenye siafu. Hakuna atakayekuuliza umetoka wapi kabla hajakurushia. Nenda na nguo za kutupa. Peliqueiro, yule wa kinyago cha mbao kinachotabasamu, akikuchapa mjeledi, usimguse; mila yao inakataza.