Mtoto Kizimbani, Tajiri Safu ya Mbele



Akikamatwa kijana wa Magoma na mzigo wa bangi au mirungi, maneno ya barazani baada ya Swala ya Isha huwa ni yale yale: mwacheni akaone cha mtema kuni. Baba mtu hujifungia ndani kwa aibu. Imamu hunyamaza. Hakuna anayeuliza lililo dhahiri: kijana wa miaka 15, asiye na hata baiskeli, alipata wapi fedha za kununua mzigo ule?

Hakuununua. Alitumwa. Aliyemtuma alimpa kwanza nauli, kisha simu, kisha deni. Na deni ndiyo kamba. Kijana akiwa mahabusu, mwenye mali yuko kwake anakunywa chai, na Ijumaa yuko safu ya mbele. Mchango wake wa saruji ya msikiti tunaupokea kwa takbira, wala hatuulizi ulikotoka.

Wapo watakaosema kwamba kumtetea kijana huyu ni kuitetea haramu. La hasha! Ulevi ni haramu, na anayeufanyia biashara anauangamiza umma. Lakini Surat An-Nisaa, katika aya ya 135, imetuamrisha kusimamia uadilifu bila kujali utajiri wala umaskini wa mtu. Ni uadilifu gani huu wa kumfunga punda na kumwacha mwenye punda?

Sheria ya nchi yenyewe haikumtupa mtoto. Ni kweli kwamba chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, mtu mzima anayesafirisha dawa hizo anaweza kufungwa miaka 30, hata maisha. Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema kuwa aliye chini ya miaka 18 ni mtoto: kesi yake husikilizwa faragha katika Mahakama ya Watoto, afisa ustawi wa jamii akiwepo, ana haki ya kuwa na ndugu na wakili, wala hahukumiwi kifungo cha jela. Aidha, mwaka 2001 Tanzania iliridhia Mkataba Na. 182 wa Shirika la Kazi Duniani, unaohesabu kumtumia mtoto katika biashara ya dawa za kulevya kuwa miongoni mwa aina mbaya kabisa za ajira ya watoto. Maana yake mtoto huyu ni mdhulumiwa kabla ya kuwa mkosaji.

Lakini haki isiyodaiwa hulala. Kijana mrefu wa umbo, asiye na cheti cha kuzaliwa, akiandikwa kuwa ana miaka 19, mlango wote huo umefungwa. Na aliyevuka 18 hali yake ni ngumu zaidi: Kanuni ya Adhabu humsamehe aliyelazimishwa kwa tishio la kuuawa au kujeruhiwa vibaya papo hapo, si aliyetishwa kwa madhara ya kesho. Uingereza ilikwishapanua kinga hiyo mwaka 2015 kwa wanaotumikishwa kwa nguvu. Sisi tunangoja nini kudai kama hayo?

Basi, ndugu zangu, tuache kunong'ona. Mzazi apeleke cheti au kadi ya kliniki siku ile ile. Ustadhi wa madrasa athibitishe umri anaoujua. Msikiti umtafutie mtoto wasaidizi wa kisheria, ambao wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Na kamati irudishe saruji ambayo chimbuko lake inalijua.

Kesho mbele ya Allah hatutaulizwa msikiti wetu ulikuwa na minara mingapi. Tutaulizwa juu ya mtoto tuliyemwacha kizimbani peke yake.

Wabillahi Tawfiq.