Mali ikipotea vitani, fidia huenda kwa serikali

Wakongomani wengi wanaonunua bidhaa za Mbarara katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale walikimbia vita wakaacha mali. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325 kwa vita vya 1998-2003, zikiwemo milioni 40 za mali. Mlipwaji ni serikali ya Kinshasa, si mwenye duka.

Uganda nayo ilidai raia wake walinyanyaswa uwanja wa ndege wa Ndjili, 1998. Hukumu ya 2005 ilikataa dai hilo: uraia wao haukuthibitishwa.

Kwa kawaida serikali humdaia fidia raia wake tu. Mwenye lori ng'ambo atunze pasipoti na stakabadhi za mzigo.